Gudulia la Kupuliza, Kava la Kushindania

Mwezi uliopita niliweka hapa mistari minne tu kuhusu bendi za magudulia za Marekani, wale wanaopiga muziki wa kienyeji kwa gudulia la kupuliza, ubao wa kufulia na beseni lililogeuzwa besi. Mistari minne, barua kumi na saba. Nimechagua sita. Wengine mnisamehe, hasa yule aliyeniletea kurasa sita kuhusu vijiko peke yake.

Stika imeniingiza mjini

*Shikamoo Mama Kava. Nimenunua santuri ya bendi ya magudulia kwa sababu ya stika iliyobandikwa juu: kifungashio kimeteuliwa kuwania tuzo. Kifungashio ni kizuri kweli, kinakunjuka mara nne kama ramani. Muziki nimeusikiliza mara mbili nikauweka kando. Nimeibiwa? – Aliyeamini stika*

Marahaba mwanangu. Hukuibiwa, ulisoma haraka. Stika haikusema neno lolote kuhusu nyimbo. Kwenye tuzo za Grammy, ile ya kifungashio anapewa mkurugenzi wa sanaa, yaani yule aliyeamua karatasi ikunjwe wapi, herufi ziwe nene kiasi gani na picha ielekee upande upi. Mpuliza gudulia anaweza kukaa ukumbini usiku kucha akipiga makofi tu. Tena yako inasema "kimeteuliwa". Aliyeteuliwa amefika mlangoni, na walioitwa mlangoni huwa kadhaa.

Mwanamuziki hubeba tuzo hiyo ikiwa naye ameshiriki kuiongoza kazi ya kava. Imetokea tangu siku ya kwanza. Kwenye sherehe ya kwanza ya Grammy, mwaka 1959, Frank Sinatra, na sauti yake yote ile, aliondoka na tuzo moja: ya kava. Ni lile lenye mchoro wa uso wake umepakwa rangi kama mchekeshaji wa sarakasi, na yeye ndiye aliyeandikwa mkurugenzi wa sanaa. Ninapokumbuka hilo hucheka peke yangu jikoni.

Lakini na wewe una kesi ya kujibu. Ulisikilizia spika gani? Kama uliiunganisha na spika ndogo ya mezani, basi hukuisikia bendi, umesikia robo tatu yake. Gudulia linakaa chini kabisa, mahali pa besi, na spika ndogo huwa hazifiki huko. Kinachobaki sikioni ni kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Tafuta spika zenye kifua, sikiliza mara ya tatu, ufuate gudulia tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiichoka tena, mpe rafiki anayependa ramani.

Chupa yangu ina noti moja

*Mama Kava, nimepuliza chupa ya soda wiki nzima. Inatoa sauti moja tu, kama meli. Hao wazee walipataje nyimbo nzima? – Mwenye midomo iliyochoka*

Unapuliza juu ya mdomo wa chupa, hewa inapita kama upepo dirishani. Hapo anayeamua sauti ni ukubwa wa chupa. Ukitaka noti ya pili itabidi umimine maji, na wimbo hautakungoja.

Gudulia halipulizwi hivyo. Bana midomo, uitetemeshe kama mpiga siwa au baragumu, yaani ule mlio wa "prrr" ambao watoto hukatazwa mezani. Mdomo haugusi gudulia. Unakaa umbali wa kidole hivi, na mtetemo unaelekezwa ndani ya shingo. Sauti inatoka midomoni, gudulia kazi yake ni kuipa tumbo. Ukikaza midomo noti inapanda, ukilegeza inashuka. Mpulizaji hodari hupata oktavo mbili. Mimi, baada ya miezi minne na gudulia la udongo la lita nne, nina noti tano, na moja kati ya hizo hujitokea yenyewe bila kuitwa.

Usivute pumzi ndefu na kuimwaga yote kwa mkupuo, utaona nyota. Pigo fupi, pumzika, pigo fupi.

Chombo chenyewe si lazima kiwe cha udongo. Louisville, jimbo la Kentucky, ambako bendi hizi zilianzia mwanzoni mwa karne ya 20, magudulia ya wiski yalikuwa yamejaa kila mahali, kwa hiyo yakapulizwa hayo. Gus Cannon wa Memphis alipuliza kopo la mafuta ya taa alilolitundika shingoni kwa waya, ili mikono ibaki huru kupiga banjo, chombo cha nyuzi kama gitaa chenye tumbo la ngozi. Mtu mmoja, vyombo viwili, mshahara mmoja.

Mume wangu anasema huo si muziki

*Mama, mume wangu mpiga kinanda. Akisikia ubao wa kufulia anazima redio. Anasema vyombo vya dobi virudi kwa dobi. Nimjibu nini? – Mke wa mwenye masikio*

Usimjibu, mhadithie. Huyo Gus Cannon niliyemtaja alizaliwa Mississippi miaka ya 1880. Banjo yake ya kwanza aliitengeneza mwenyewe kwa sufuria ya kuokea na ngozi ya rakuni, mnyama wa huko mwenye ukubwa wa paka. Mwaka 1928 alianza kurekodi na bendi yake mjini Memphis, na mwaka 1929 akarekodi wimbo mmoja wa furaha ambao ulipita kimya kimya. Mdororo wa uchumi ukaja, kampuni za santuri zikafunga mifuko, Cannon akarudi kwenye vibarua.

Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1963 kundi la vijana, Rooftop Singers, likaurudia wimbo ule ule, ukafika namba moja Marekani nzima. Wakati huo Cannon alikuwa anakaribia miaka 80, na inasimuliwa kwamba banjo yake ilikuwa imewekwa rehani ili apate pesa za kupasha nyumba joto. Mwaka huo huo Stax, kampuni ya Memphis iliyokuwa na studio ndani ya jengo lililowahi kuwa sinema, ikamwita arekodi albamu nzima. Aliyepuliza gudulia ni Will Shade, mwanzilishi wa Memphis Jug Band. Aliyekwaruza ubao wa kufulia ni Milton Roby. Wazee watatu, na vyombo vya dobi, ndani ya studio ile ile iliyokuwa ikitoa nyimbo za soul zilizotikisa dunia.

Na kama mume wako amewahi kucheza kidumbak, mwulize ile besi ya Unguja ni kitu gani kama si sanduku la chai, mti na uzi mmoja. Beseni la Wamarekani ni binamu yake: fimbo ya ufagio, uzi, na mkono unaokaza na kulegeza. Sanduku lile likianza kunguruma nyuma ya fidla, hakuna anayeuliza chai ilikwenda wapi.

Tunataka kava la kushinda

*Shikamoo Mama. Sisi ni bendi ya watu wanne: gudulia, beseni, ubao wa kufulia na banjo. Tunaingia studio kurekodi albamu ya kwanza, santuri ya inchi 12, nakala 300. Mchoraji wetu anataka sanduku la mbao lenye sura ya ubao wa kufulia, mbele bati lenye mikunjo, santuri ndani. Anasema kifungashio hicho kitapata tuzo. Kiwanda kimetupa bei, tumekaa kimya siku mbili. Tufanyeje? – Wanne wenye beseni*

Marahaba wanangu. Ninyi ndio mlionifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Nilisimama miaka 22 kwenye mashine ya kukata na kukunja kadibodi, kwa hiyo nitaanza na bati. Kava haliishi peke yake, linaishi limebanwa katikati ya makava mengine. Mwaka 1980 bendi moja ya Uingereza, The Durutti Column, ilitoa santuri yenye jaketi la karatasi ya msasa. Utani mzuri, ila kila santuri iliyochomekwa kando yake ilikwaruzwa jaketi. Mwaka 1971 Rolling Stones walitoka na kava lenye zipu ya kweli. Makava yaliporundikwa kusafirishwa, zipu zikabonyea kwenye santuri za jirani hadi zikaharibu wimbo. Dawa yake ilikuwa kuishusha zipu kidogo kabla ya kufungasha, ili inapobonyea iangukie kwenye lebo ya katikati ambako hakuna mifereji. Sasa ninyi mnataka bati lenye kingo, mara 300.

Mbao nazo zina tabia zake. Zinavuta unyevu, zinapinda, na santuri iliyoegemea ubao uliopinda inajifunza kupinda. Mchoraji wenu atasema, mbona masanduku ya mbao yamepata sifa? Yamepata, kweli. Mwaka 2003 kampuni ya Dust-to-Digital ya Atlanta ilitoa mkusanyo wa muziki wa dini wa zamani ndani ya sanduku la mwerezi lenye kifuniko cha kuteleza na pamba mbichi ndani, ukateuliwa kwa Grammy ya kifungashio maalumu. Mwaka 2015 tuzo hiyo ilikwenda kwa mkusanyo wa rekodi za kampuni ya Paramount, uliokaa kwenye kabati la mwaloni.

Lakini angalieni mwaloni ule umetoka wapi. Paramount ilikuwa tawi la kiwanda cha viti cha Wisconsin. Walianza na fanicha, wakatengeneza makabati ya gramafoni, kisha wakarekodi santuri ili makabati yapate wanunuzi. Kwa hiyo mtu anapofungua kabati lile anafungua historia ya kampuni yenyewe. Ukiutoa ule mwaloni ukaweka plastiki, hadithi inavuja. Mbao za sanduku lenu zinasimulia nini? Zinaiga ubao wa kufulia. Kuiga tu. Na wale wa Paramount walikuwa wakifunga mamia ya nyimbo pamoja na vitabu, si santuri moja.

Bendi ya magudulia haiigi. Inachukua kitu kilichokuwa na kazi nyingine na kukipa kazi ya pili, bila kukinyang'anya ya kwanza: beseni likimaliza kupigwa linaweza kufua. Kifungashio chenu kifuate njia hiyo. Mimi ningechukua kadibodi ya mawimbi, ile ya kufungia glasi, yenye mawimbi wazi upande mmoja. Chukueni kipande sasa hivi, vaeni kastabini kidoleni, mkwaruze. Mmesikia? Huo ni ubao wa kufulia, na bei yake haitawanyamazisha hata saa moja. Mnunuzi anaweza kukwaruza kava lake akifuatisha wimbo wa kwanza. Tieni na kastabini ndani, kwenye mfuko mdogo wa karatasi ulioshonwa kando, mbali na santuri. Mbali, nimesema.

Mambo ya fundi sasa, mpeni mchoraji asome mwenyewe. Mawimbi lazima yalale mlalo ili yafanane na ubao. Kadibodi hiyo hukunjika vizuri sambamba na mawimbi. Ukiikunja kwa kuyakata, inapondeka na kufanya makovu. Kwa hiyo jaketi lenu halitakuwa na uti wa kushoto kama majaketi mengine. Litakunjwa juu, lifunguke kama kalenda ya ukutani. Msione ni kasoro, hapo ndipo watu watakapolishika mara ya pili. Mawimbi makubwa husikika zaidi ila husagika upesi. Madogo hudumu ila hunong'ona. Jaribuni saizi mbili kwa masikio yenu, ninyi ni wanamuziki. Msichape juu ya mawimbi. Zungusheni mkanda wa karatasi laini, upana wa kiganja, majina yakae hapo. Ndani, santuri ivae mfuko wake wa karatasi laini isiyo na asidi au wenye bitana ya plastiki nyembamba, kwa sababu kadibodi hutoa vumbi, na vumbi ndani ya mifereji mtalisikia milele.

Kisha vipimo. Hapa nitaungama. Mwaka wangu wa tatu kiwandani, msanii alituletea mchoro wa jaketi la santuri ya inchi 12. Alikuwa ameipima santuri, akaongeza nusu sentimita, akaona inatosha. Mimi ndiye niliyetia sahihi, nikatengenezesha kisu cha kukatia, tukakata majaketi elfu moja. Karatasi ina unene, gundi ina unene, mfuko wa ndani una unene. Santuri zikagoma mlangoni, zote elfu moja. Msimamizi hakunifokea, alinipa jaketi moja na santuri moja, akaniambia niziweke pamoja, akaenda kunywa chai. Nilihangaika nazo mpaka aliporudi. Jaketi la kawaida lina upana wa milimita 315 hivi. Lakini msiniamini hata mimi: tengenezeni sampuli kwa mkono, kwa karatasi ile ile, tieni santuri halisi ndani ya mfuko wake, itoeni na kuirudisha mara ishirini. Mmoja wenu afanye hivyo amefumba macho.

Maandishi. Kwenye lebo za santuri za zamani jina la bendi lilitosha, wapigaji hawakutajwa, na watafiti wametumia miaka kubishana nani alipuliza nini. Andikeni: fulani, gudulia, fulani, beseni. Andikeni na gudulia lenyewe ni la lita ngapi.

Na studio. Pesa mtakayookoa kwenye mbao ipelekeni huko, saa za ziada. Gudulia linamchanganya fundi sauti asiyelizoea. Atasogeza maikrofoni hadi kwenye shingo ya chombo, na mtarekodi upepo. Mwambieni aiweke pembeni, juu kidogo, nje ya njia ya pumzi, kisha asikilize mpulizaji akiwa amesimama na akiwa amekaa, maana hazifanani. Bendi ya kwanza ya magudulia kurekodiwa, ile iliyomsindikiza mwimbaji Sara Martin mwaka 1924, ilirekodi mbele ya pembe kubwa bila umeme. Memphis Jug Band walipoingia Februari 1927 na kurekodi nyimbo nne kwa kampuni ya Victor, kulikuwa na maikrofoni, na sauti za chini zikapata nafasi. Ninyi mna vifaa ambavyo Will Shade hakuviota. Gudulia lisipoonekana kwenye albamu yenu, halitaonekana kwenye kava.

Kuhusu tuzo: mkimaliza, mtu yeyote asiwazuie kutuma kazi yenu mnakotaka. Ila kama mtateuliwa, mchoraji ndiye atakayeitwa jina, kwa hiyo mwulizeni kama sanduku lile alilibuni kwa ajili yenu au kwa ajili ya hotuba yake. Mkishakata sampuli, nitumieni moja. Ya mawimbi makubwa.

Mbona santuri za wazee hazina kava?

*Nimerithi santuri mbili za bendi za magudulia za miaka ya 1920. Zimo ndani ya bahasha ya kahawia yenye tundu katikati. Kava zimepotea? – Mrithi*

Hazikupotea, hazikuwapo. Santuri za wakati ule, mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu hivi, ziliuzwa ndani ya bahasha tupu, na tundu ni la kusomea lebo. Neno "albamu" lenyewe linatokana na vitabu vilivyotengenezwa kama albamu za picha, kila ukurasa mfuko wa santuri moja, na gamba lake lilikuwa jeusi au kahawia kama daftari la hesabu. Mchoro kwenye kava ulianza kuwa biashara mwaka 1940, kijana Alex Steinweiss alipoishawishi kampuni ya Columbia imruhusu kuchora. Wakati huo bendi za magudulia zilikuwa zimeshaacha kurekodi.

Kava la maana walilipata wamechelewa. Mwaka 1952 kampuni ya Folkways ilitoa mkusanyo wa Harry Smith, nyimbo 84 za zamani kwenye santuri sita, na humo wamo Memphis Jug Band na bendi ya Cannon. Mbele kuna mchoro wa kale: mkono unatoka mawinguni, unakaza uzi wa chombo chenye uzi mmoja. Sijui kama Smith alikuwa akiwaza beseni na fimbo ya ufagio. Mimi nilipouona mara ya kwanza sikuwaza kingine.

Bahasha zako usizitupe. Zikiwa na tangazo la duka lililoziuza, ndizo kava.

Nivue plastiki?

*Nina mkusanyo wa muziki wa zamani ndani ya sanduku zuri. Sijautoa kwenye plastiki yake, nangoja upande bei. Mnashauri? – Mvumilivu*

Plastiki inayobana huendelea kujikaza, hukunja pembe za sanduku na kupinda kilichomo. Chana leo, taratibu, kwa ukucha, usitumie kisu. Kisha simamisha sanduku wima, mbali na dirisha, ukae usikilize.

Nasubiri sampuli yangu ya kadibodi. Kastabini ninayo.